Al-Khwarizmi Tunamsifu, Hesabu Zake Hatuzijui



Ni nadra hafla ya madrasa kumalizika bila kutajwa jina la Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba neno aljebra limetokana na kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala, alichokiandika Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Takbiri zinapigwa, wageni wanapewa soda, kisha kila mtu anarudi kwake. Lakini muombe mmoja wetu atoe hesabu moja tu iliyomo ndani ya kitabu hicho: kimya! Kwa maoni yetu, sifa za namna hii hazimsaidii mwanafunzi anayeingia kidato cha pili huku akiiogopa Hisabati kama bakora.

Kitabu chenyewe si cha maajabu. Mwandishi alieleza kuwa amekusudia mambo ambayo watu wanayahitaji: mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Mna mlango mzima wa upimaji, na humo amezigawa pembenne mafungu matano: mraba, mstatili, rombasi, msambamba, na ile ambayo pande zake na pembe zake zinahitilafiana.

Tuichukue hesabu moja ya mlango huo. Kuna ardhi ya pembetatu. Pande mbili zina dhiraa 10 kila mmoja, na kitako kina dhiraa 12. Ndani yake umekaa mraba juu ya kitako, ukigusa pande zile mbili. Je, upande wa mraba ni dhiraa ngapi?

Wengi wetu tungechukua rula tuanze kukisia. Yeye alisema: upande huo tuuite shai, yaani kitu. (Hakutumia herufi, aliandika yote kwa maneno. Sisi tuandike x.) Kwanza kimo cha pembetatu. Nusu ya kitako ni 6. 100 toa 36 ni 64. Basi kimo ni 8, na eneo lote ni 48. Sasa tazama, mraba umeikata ardhi vipande vinne. Upo mraba wenyewe, eneo lake x². Juu yake ipo pembetatu ndogo yenye kitako x na kimo 8 − x, kwa hiyo eneo lake ni 4x − ½x². Kushoto na kulia zipo pembetatu mbili zenye kimo x, na vitako vyao kwa pamoja ni 12 − x. Maeneo yao yakijumlishwa ni 6x − ½x². Jumlisha vyote. Zile nusu mbili za x² zinaufuta mraba, inabaki 10x = 48. Basi x ni 4 na sehemu nne za tano. Kwisha! Tuliyaona maeneo kwa macho, na aljebra ikatuambia kipimo ambacho macho yasingeweza kukisoma.

Shuleni mambo haya mawili yanafundishwa kama watu waliogombana. Jometri ina sura yake, milinganyo ina sura yake, na mwanafunzi anakariri kanuni za eneo bila kuweka herufi hata moja juu ya mchoro. Ndiyo maana swali likimpa mzingo wa mstatili 28 na eneo 48, likamtaka urefu na upana, anakwama, ilhali ni x(14 − x) = 48 tu, na majibu ni 8 na 6.

Wapo wazazi wanaosema muda wa madrasa ni mchache, hesabu waachiwe walimu wa shule. Hoja yao tunaiheshimu. Lakini mirathi inasomeshwa hapa hapa, na ardhi ndiyo inayowagombanisha ndugu kuliko fedha. Mara ngapi kiwanja cha urithi kinapimwa kwa kamba pande nne, watu wakaridhika kuwa wamepata sawasawa? Pande nne hazitoshi! Mraba wenye pande za hatua 5 una eneo la 25. Rombasi yenye pande hizo hizo za hatua 5, ikiwa mistari yake ya kutoka pembe hadi pembe ni 8 na 6, eneo lake ni 24. Uibinye zaidi na eneo linazidi kupungua, na pande bado ni 5 kila mmoja. Anayepewa kile kiwanja kilichobinywa amedhulumiwa, na kamba itashuhudia kuwa hakudhulumiwa. Sisi tunaona ustadhi anayefundisha mafungu ya warithi angetenga vipindi viwili vitatu vya kuchora kiwanja ubaoni na kukigawa kwa mlinganyo.

Wakati tukisubiri hayo, tunawaachia zoezi wanafunzi wa darasa la juu. Shamba lina umbo la rombasi, kila upande hatua 13. Mstari mmoja wa kutoka pembe hadi pembe unauzidi mwenzake kwa hatua 14. Tafuta mistari yote miwili, kisha eneo la shamba. Mstari mfupi uite x, na kumbuka kuwa mistari hiyo inakatana katikati kwa pembe mraba. Rula hairuhusiwi.