Tusimwachie Mwalimu Peke Yake: Kusoma Kuanzie Nyumbani

LUBUDI, Lualaba. – Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wazazi wa hapa kwetu wanauliza maulizo yaleyale: nguo za masomo ni bei gani, kaye ngapi, biki ngapi, mwalimu amefika ao bado? Ni maulizo mazuri. Lakini liko moja ambalo halisikiki sana: nyumbani kwetu mtoto anasoma nini, na nani anamusikiliza?

Ndugu wasomaji, mawazo yangu ni haya. Mtoto ambaye haoni kitabu nyumbani anafikiri kusoma ni kazi ya masomo tu, kitu kinachoisha wakati kengele inalia. Lakini mtoto aliyepata utamu wa kusoma kwenye mkeka wa nyumbani, hata masomo yakifungwa, yeye ataendelea.

Na masomo yanafungwa, tunajua. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya Covid, serikali ilifunga masomo inchi nzima. Madarasa ya mwisho yalirudi Agosti, wengine Oktoba. Kisha Desemba yakafungwa tena mpaka Februari 2021. Miezi hiyo, kila nyumba ya Kongo iligeuka kuwa masomo, itake isitake. Palipokuwa na desturi ya kusoma, watoto walisonga mbele. Pasipokuwa nayo, walingojea. Ugonjwa umepita, lakini migomo ya walimu mwanzoni mwa mwaka haijapita, na kila mara watoto wetu wanangojea tena.

Tuseme pia juu ya masomo ya bure. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na ni jambo la kushukuru, kwa kuwa watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani sasa wanaingia darasani. Lakini madarasa yalijaa. Tufanye hesabu pamoja. Chukua darasa la watoto 60 na somo la kusoma la dakika 30. Kama mwalimu anataka kumusikiliza kila mtoto, kila mmoja atapata nusu dakika. Nyumbani, dakika 10 tu za mangaribi ni mara 20 ya hiyo. Mwalimu awe hodari namna gani, hawezi kushinda hesabu hiyo. Sisi wazazi tunaweza.

Neno la pili ni luga. Wazazi wengi wanaogopa Kiswahili. Wanasema: «Mtoto wangu asome Kifaransa, Kiswahili anakijua.» Ninawaelewa, kwa sababu mitihani na kazi za ofisi ni Kifaransa. Lakini sheria ya masomo ya Februari 2014 yenyewe inakubali luga za taifa, Kiswahili kati yao, zitumiwe kufundishia, na iko sababu. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu katika maisha. Akijifunza kwa luga anayoisikia, anaelewa upesi kwamba alama hizo kwenye karatasi zinasema kitu. Kisha Kifaransa kitaingia katika njia iliyokwisha kufunguliwa. Akianza na maneno asiyoyajua, atayapiga kwa sauti kama kasuku, na hakuna anayependa kitu asichokielewa. Tuanze na Kiswahili, Kisanga ao Kiluba, luga ile inayosemwa kwenye moto wa jikoni. Kifaransa kifuate.

Najua jibu: vitabu vya Kiswahili viko wapi? Ni kweli, duka la vitabu si jirani yetu. Yule anayetaka kitabu anamwagiza mtu anayetoka Kolwezi ao Lubumbashi. Hata hivyo, tusiseme nyumba ni tupu kabla ya kutazama vizuri. Katika nyumba nyingi za Lubudi mna Biblia na kitabu cha nyimbo. Habari ya Yosefu na ndugu zake inatosha kwa juma nzima, kama unasoma polepole na kusimama mahali pazuri: «Wamemutupa katika shimo. Unafikiri sasa watafanya nini?» Usimwambie jibu. Mumwache alale na hamu. Kesho yeye mwenyewe atakuletea kitabu.

Tena, vitabu vingine tunaweza kuviandika sisi wenyewe. Nkambo anajua hadisi za Kalulu, anajua namna kijiji kilihama, anajua majina ya wazee walioenda kufanya kazi kwenye reli na kwenye kiwanda cha simenti. Nunua kaye moja. Mtoto mkubwa aandike jinsi nkambo anavyosimulia, mdogo achore picha, kisha wasome mbele ya watu wote wa nyumba. Hiyo tayari ni kitabu.

Na asiwepo mtu wa kusema kwamba Kiswahili chetu cha Katanga si cha kuandika. Mwaka 1965 André Yav aliandika kijitabu juu ya historia ya muji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa jina la chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu. Alikiandika kwa Kiswahili kile wanachokisema watu. Mwaka 1990 watu wa vyuo vikuu walikitoa tena kikiwa na tafsiri, kwa kuwa kilikuwa na mambo ambayo wakubwa hawakuyaandika. Wale hawakungojea ruhusa ya mtu.

Kwa papa na mama ambao hawakusoma, neno langu ni hili: kazi hii ni yenu pia. Mwambie mtoto akusomee. Ukae chini, telefoni iwe pembeni, musikilize mpaka mwisho, kisha uulize: «Ni nani huyo? Kwa nini alifanya vile?» Ukiwa sokoni, yeye aandike deni na malipo, kisha akusomee. Mtoto akiona kwamba kusoma kwake kunamsaidia mama, anajua kuna thamani. Lakini tusigeuze kitabu kuwa fimbo. Mzazi anayesema «umekosa, kaa hapo usome» anamufundisha mtoto kwamba kusoma ni azabu.

Kuna pia wanaosema kitabu hakijazi sahani ya bukari, na kule kwenye mashimo kijana anapata feza leo leo. Siwezi kucheka maneno hayo. Njaa si mchezo. Lakini tazameni mambo yanavyokwenda katika teritware yetu, ambamo Fungurume na Tenke nazo zimo. Shaba na kobalti zinatoka kwa karatasi: mapatano ya kazi, barua ya kuhamishwa shambani, hesabu ya malipo ya mashamba. Anayeshindwa kusoma anatia kidole, na kidole hakiulizi kitu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zilizo karibu, na kutia sahihi daftari la ahadi pamoja na jamii hizo. Nani atasoma daftari hilo kwa niaba yetu? Ni mtoto yule tuliyemusikiliza dakika 10 kila mangaribi, ao hakuna.

Na ninaomba wale wanaotusemea katika mikutano hiyo wasiombe kuta na mabati tu. Masomo mapya bila vitabu ni kivuli kizuri cha kukaa. Waandike vitabu ndani ya daftari: vya Kiswahili na vya Kifaransa, vya hadisi na vya maarifa, na mtu wa kuvitunza na kuviazimisha.

Tukingojea hayo, tusikae bure. Nyumba tano za barabara moja zinaweza kununua kila moja kitabu kimoja na kubadilishana kila mwezi. Mtoto mmoja atakuwa amesoma vitabu vitano kwa bei ya kimoja. Kanisa linaweza kufungua chumba siku ya Posho mchana, na vijana wa sekondari wawasomee wadogo. Mwenye taa ya jua aiite nyumba ya jirani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka sahihi ya Kinshasa.

Samaki mkunje angali mbichi. Mangaribi ya leo, baada ya kula, mtoto alete kaye yake ao Biblia ya nyumba, na asome mstari mmoja. Sisi tunyamaze, tusikilize.

Mwandishi wenu wa Lubudi.