Lengo la Tano na Likizo ya Desemba

Tarehe 25 Septemba 2015, siku ileile Papa Fransisko alipolihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York, mataifa yalipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Baba Mtakatifu aliyapokea kama ishara ya matumaini, lakini alionya kwamba ahadi zisizotekelezwa hutuliza dhamiri tu.

Wanafunzi wa vyuo vikuu huyasoma malengo hayo na kuyajibia mitihani. Lengo la tano linataka ukeketaji na ndoa za utotoni vikomeshwe ifikapo 2030. Desemba, mwanafunzi wa Tarime au Serengeti hurudi nyumbani, na huo ndio msimu wa ngariba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha kuwa mkoani Mara asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kitaifa ni asilimia 8. Wapo wasichana wanaokimbilia Kituo cha Masanga au nyumba salama ya Mugumu.

Hapa mwalimu asiogope kugusa jambo zito. Kwa desturi ya Wakurya, msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Kijana msomi, basi, si mtazamaji, ni mnufaika. (Sheria ya 1998, tukumbuke, humlinda aliye chini ya miaka 18 pekee.) Neno lake mbele ya baba na wazee wa ukoo laweza kupita semina zetu nyingi. Somo hilo lafaa lifundishwe Novemba, kabla hajapanda basi.