Brashi ya rangi na mdomo wa mtoto

Mtoto akichora na nywele za brashi zikaanza kutawanyika, dawa yake anaijua: mdomoni. Anailowesha kwa mate, anaizungusha kwenye ulimi, ncha inasimama vizuri, kazi inaendelea. Hakufundishwa na mtu. Kwa rangi za maji za shuleni mara nyingi hakuna la kutisha. Kwa rangi za kuchora juu ya kauri, tabia hiyohiyo ni hatari.

Uchoraji wa sura ndogo za watu kwenye kauri ulivuma sana Ufaransa, katika kiwanda cha Sèvres karibu na Paris. Mmoja wa waliotamba ni Marie-Victoire Jaquotot, aliyezaliwa 1772 na kufariki 1855. Mfalme Louis XVIII alichorewa naye sura za watu mashuhuri, ndogo za kukaa juu ya mfuniko wa kikopo cha ugoro, akawa anazibadilisha apendavyo. Jaquotot aliwafundisha wanawake wengine ufundi huo.

Rangi zenyewe ni unga wa madini. Buluu hutoka kwenye kobalti, nyekundu kwenye chuma, na ile waridi ya mashavu hutengenezwa kwa dhahabu. Unga huo huchanganywa na kioo kilichosagwa ili ushike, na kwa miaka mingi kioo hicho kilitiwa madini ya risasi kwa sababu huyeyuka upesi. Kisha kauri huchomwa kwenye tanuri, nyuzijoto 700 hadi 850 hivi, hupakwa tena, huchomwa tena. Shavu likitoka na doa kwenye uchomaji wa mwisho, kazi ya siku nyingi imekwenda na maji.

Risasi ndiyo inayomhusu mzazi. Katika viwanda vya vyombo vya Staffordshire, Uingereza, karne ya 19, wafanyakazi waliugua kwa sumu yake, na wanawake wengi waliharibikiwa mimba. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza. Huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ubaya wake ni ukimya: mtoto anacheza kama kawaida, hana homa, huku masomo yanazidi kumshinda.

Kwa hiyo mama au baba anayepaka vikombe na sahani nyumbani, iwe kwa kuuza au kwa kujifurahisha, anunue rangi zilizoandikwa kuwa hazina risasi. Meza ya kazi isiwe ile ya kulia ugali. Unga uliomwagika ufutwe kwa kitambaa kibichi, maana fagio huurusha hewani ukavutwa na aliyelala chumba cha pili. Mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto. Mjamzito akae kando kabisa na rangi zenye risasi, kwani hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Na sahani ya bibi yenye maua na sura ya malkia? Ukutani inapendeza. Kuiwekea achari au juisi ya ukwaju ni jambo jingine, kwa sababu uchachu hung'oa risasi kwenye rangi za zamani na kuiingiza kwenye chakula.

Kuna jambo moja zaidi ambalo familia nyingi hulisahau, nalo ni tapentaini ya kulainishia rangi na kuoshea brashi. Ikihamishiwa kwenye chupa ya soda, mtoto mwenye kiu hatauliza. Akiinywa asitapishwe, kwa sababu ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari aone alichokunywa.