Jina la nkambo halichezi mpira

Kule Marekani kuko kijana mmoja, Arch Manning. Mpira wao si huu wetu wa miguu, ule wanaushika na mikono. Nkambo yake Archie alianza kuucheza kwa mshahara mwaka 1971, katika ekipe ya New Orleans. Baba zake wadogo, Peyton na Eli, walipata kombe kubwa, kila mmoja mara 2. Lakini baba yake mwenyewe, Cooper, aliacha mpira angali kijana, sababu ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Jina halikumkinga.

Mwaka 2022 univerisite nyingi zilimtaka Arch. Akachagua ile ya Texas. Je, wakamuweka mbele siku ile ile? Hapana. Mwaka 2023 na 2024 mwenzake Quinn Ewers ndiye aliyeanza michezo mingi, Arch akingoja. Angeweza kuhama, hakuhama. Mwaka 2025 akapewa nafasi.

Kwetu pia tunasema: "Huyu mjukuu wa fulani, kazi haitamshinda." Wazazi, jina linafungua mlango tu, kutembea ni kwa mtoto mwenyewe. Musimuhesabie kila siku sifa za nkambo. Mumuulize: leo umejifunza nini?