Acheni Kufomati Kompyuta Inayolia Joto!

Jamani, hili la kufomati kompyuta kila inapokuwa nzito litaisha lini? Toka Voi mjini hadi Marungu, malalamiko ni yale yale: asubuhi mashine inakimbia, ikifika saa nane mchana inakwama na feni inavuma kama mashine ya kusaga unga. Mwenyewe anaambiwa ni virusi. Analipa, inafomatiwa, picha na kazi zake zinapotea. Kesho saa nane, mambo ni yale yale!

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nasema wazi: mara nyingi programu inasingiziwa. Kirusi hakingoji jua lipande. Kinachofuata jua ni joto.

Tupige hesabu. Hitisinki, yaani kile kipande cha alumini au shaba kinachokaa juu ya prosesa, hata ikiwa na feni yake haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Hewa ikipanda nyuzi 12, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi 12 kwa kazi ile ile. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Voi kama 600 tu. Mashine iliyofika nyuzi 88 kwenye chumba cha nyuzi 22 kule, itagonga 100 kwenye chumba cha nyuzi 34 huku kwetu mwezi wa Februari. Na prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni zina kikomo cha nyuzi 100 hivi. Zikifika hapo zinajipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Huo ndio "uzito" mnaoufomatia!

Ushahidi upo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video ambamo hitisinki ziliondolewa kompyuta zikiwa kazini. Athlon ya AMD iliungua ikatoa moshi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, ikaendelea polepole. Leo kinga hiyo imekuwa kawaida.

Sasa umbo. Kwa nini hitisinki ina vibao vyembamba kama mapezi ya samaki? Kwa sababu ile ile inayomfanya mzee amimine chai kwenye kisosi: sehemu kubwa ikigusana na hewa, joto linatoka upesi. Lakini mapezi yaliyobanana yanahitaji feni yenye nguvu, na hewa ipite kati yake. Vumbi letu jekundu likijaa humo, mapezi yote yanageuka kuwa tofali moja. Umbo limekufa, hata kama feni inazunguka.

Na ile krimu ya kijivu au nyeupe, pesti ya joto? Hapa ndipo watu wanaharibu zaidi. Uso wa prosesa na wa hitisinki unaonekana laini, kumbe una mashimo madogo yaliyojaa hewa. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, hewa hupitisha joto kwa 0.026 hivi, alumini kama 237, shaba karibu 400. Pesti nyingi ziko kati ya 1 na 10. Maana yake ni nini? Pesti ni bora sana kuliko hewa, lakini ni duni sana kuliko chuma. Kazi yake ni kuziba mashimo tu. Ukiipaka nene kama siagi kwenye mkate, umeweka blanketi! Kiasi cha punje ya njegere kinatosha prosesa nyingi. Na wanaotumia dawa ya meno, acheni: maji yake yanakauka, mnabaki na chokaa.

Kuna watakaosema, "Nunua tu feni kubwa." Feni kubwa juu ya pesti iliyokauka na mapezi yaliyoziba itapuliza nini? Joto halijafika hata kwenye mapezi.

Kwa hiyo, kabla ya kufomati, pima. HWMonitor kwa Windows na lm-sensors kwa Linux ni za bure. Kama joto ni la kawaida na mashine bado ni nzito, sawa, tafuta virusi. Likikaribia 100, zima, chomoa umeme, zuia feni kwa kidole na upulize vumbi, futa pesti kuukuu kwa spiriti, paka mpya.

Na nyinyi mnaoletea shule zetu kompyuta zilizotumika ng'ambo miaka mingi: badilisheni pesti kabla ya kupiga picha za makabidhiano. Mtoto wa Marungu ana kipindi kimoja cha kompyuta. Kikiangukia mchana na mashine zikagoma, huyo ndiye atakayeambiwa hajui kompyuta.

Fundi mwenye hoja tofauti na aje, ila aje na kipimo cha joto mkononi.