Pete, Kitanda na Wale Waliomtuma

Niseme mapema: kama hujaiona Lust, Caution na hutaki mtu akuharibie uhondo, ruka ukurasa huu kwanza, utarudi baadaye. Filamu yenyewe si mpya. Ang Lee aliitoa mwaka 2007 na mwaka huohuo ikabeba Simba wa Dhahabu kule Venice. Lakini nilipoitazama Nyarugusu na watu kumi na kidogo, wengi wao wakiwa wana ndoa changa, ubishi ulikuwa wa moto kana kwamba imetoka jana. (Ni Nyarugusu ya Geita, ya dhahabu, sio ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Kila nikitaja jina hili lazima nieleze.)

Ni ya Kichina, dakika 157, na haikuwa imetiwa sauti ya Kiswahili kama zile za ma-DJ wa mabanda ya video. Mwalimu mmoja wa sekondari alijitolea kutufasiria maandishi ya chini. Masikini, hakujua anajitia kwenye nini.

Kisa ni hiki. Wong Chia Chi ni mwanafunzi aliyekimbilia Hong Kong baada ya Wajapani kuivamia China. Mwaka 1938 anajiunga na kikundi cha maigizo cha chuo. Wenzake wanachoka na jukwaa, wanaamua kumuua kweli Bwana Yee, Mchina anayewatumikia Wajapani. Silaha yao ni Wong: ajifanye mke wa mfanyabiashara, amtege kwa mapenzi. Mtego unakuja kunasa Shanghai mwaka 1942, wakati huo Yee ni bosi wa usalama na kazi yake ya kila siku ni kutesa watu.

Kitandani hapafichwi kitu. Marekani walizuia yeyote mwenye miaka 17 kushuka chini asiingie, na China ilikatwa dakika kama saba. Sisi tuliona yote, mwalimu akiwa ameacha kufasiri na anaangalia dari. Mara ya kwanza ni ukatili mtupu, mkanda unatumika. Binti mmoja aliyefunga ndoa majuzi akasema wazi, "Hayo sio mapenzi hayo." Namuunga mkono. Zile sehemu hazikuwekwa kutuchangamsha. Kila mara unajiuliza nani anamwendesha nani, na jibu linabadilika.

Halafu duka la sonara. Sonara ni Mhindi, na kizazi kilichokulia kanda za Kihindi kikamtambua papo hapo: Anupam Kher, yule aliyekuwa baba yake Shah Rukh Khan kwenye Dilwale Dulhania Le Jayenge! Kelele zilipotulia, pete ikatoka. Almasi ya rangi ya waridi. Sasa, ukanda huu hauhitaji kufundishwa habari za jiwe hilo. Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilichimbwa almasi ya waridi ya karati 54 na nusu, Dokta Williamson akamzawadia Elizabeth aliyeolewa mwaka huohuo, kabla hajawa malkia.

Nje wauaji wamejipanga. Yee anamtazama Wong akiwa ameivaa pete, na kwa mara ya kwanza jicho lake linalegea. Wong anamwambia kwa sauti ya chini aondoke, upesi. Yee anachomoka mbio mpaka kwenye gari. Usiku ule Wong na wenzake wanapigishwa magoti kwenye machimbo ya mawe, ukingoni mwa shimo refu jeusi, na aliyetia saini wauawe ni Yee mwenyewe.

Chumba kilikufa ganzi. Hawa ni watu wa maduara, shimo la usiku wanalijua.

Wa kwanza kupasuka alikuwa kaka mmoja anayenunua dhahabu: "Amewauza wenzake kwa pete!" Wanaume karibu wote wakadakia. Eti mwanamke akishaona kito, nchi anaisahau. Wake zao wakasema hapana, amependa. Mtu amekaa miaka anaigiza, mwili ukaamini kabla ya akili. Tungeishia hapo, kila upande na lake, kama sio mama mmoja mwenye kibanda cha chakula karibu na makarasha.

Yeye hakutaka habari za pete. "Mnamsema huyu," akasema, "waliomtuma je? Hapa hapa mume anamwambia mkewe, nenda kamchekee mwenye duara atupe viroba viwili vya mawe. Akichelewa kurudi, anapigwa."

Jamani! Kuna mume mmoja alianza kukagua simu yake ambayo haikuwa imelia.

Na ukiirudia filamu, yule mama anashinda. Wenzake Wong waligundua kwamba mke wa mtu hawezi kuwa bikira, wakamchagulia mmoja wao "amfundishe", kwa sifa moja tu, kwamba alishawahi kwenda kwa makahaba. Na yule Kuang aliyempenda kweli alikuwepo, akanyamaza. Halafu Yee akahama ghafla, kafara lote likawa bure. Miaka mitatu baadaye Kuang anambusu, naye anamuuliza kwa nini hakufanya hivyo miaka mitatu iliyopita. Kuna tena pale anapomweleza mkuu wao, bila kupepesa, jinsi Yee anavyomwingia mpaka moyoni. Mkuu hawezi kusikiliza, anamfokea anyamaze. Kazi waliitaka, maelezo yake hawakuyataka. Mimi siamini kwamba pete ilimnunua. Naamini pale dukani alikuwa hajawahi kutazamwa na mtu kwa namna ile, na bahati mbaya mtazamaji alikuwa muuaji.

Kwa haki ya historia: Eileen Chang, aliyeandika hadithi hii, anahusishwa sana na kisa cha kweli cha Zheng Pingru, binti wa Shanghai aliyempeleka Ding Mocun kwenye duka la makoti ya manyoya mwaka 1939. Ding akashtuka, akakimbia. Zheng alipigwa risasi mwaka 1940. Yeye hakumwonya mtu, na ndugu yake alilalamika hadharani filamu ilipotoka.

Hata nje ya filamu aliyelipa ni mwanamke. Mwaka 2008 China ilimfungia Tang Wei, aliyecheza Wong, matangazo yake yakaondolewa runingani. Tony Leung, aliyekuwa naye kitanda kilekile, aliendelea na kazi zake. Tang Wei alirudi, na Decision to Leave ya mwaka 2022 imwoneni.

Tulipokuwa tunatoka, yule mnunuzi wa dhahabu alikuwa bado na swali. Wong alikuwa na kidonge cha sumu kimeshonwa kwenye kola, mbona hakukimeza akakwepa aibu yote ile? Mkewe, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akamjibu huku anatafuta viatu: "Alitaka afe na wenzake. Hukumwona alivyopiga magoti karibu na yule Kuang?"