Kanda za Busawe Hazisubiri Toleo Jipya

Wapo miongoni mwetu, hapa visiwani na kule Mombasa, Dar es Salaam na Maskati, wapenzi wa sauti safi ambao mazungumzo yao hayatoki nje ya chombo kimoja, nacho ni kigeuzi. Ni kile kisanduku kinachoigeuza sauti ikawa namba za kuhifadhiwa katika kompyuta, au kinachozigeuza namba hizo zikawa sauti tena. Watakutajia makampuni yanayokitengeneza kama mtu anayetaja nasaba ya masharifu. Watakwambia kwamba dCS wa Uingereza wanauza vigeuzi kwa makumi ya maelfu ya dola, kwamba toleo jipya la chombo fulani linatarajiwa karibuni, na kwamba likitoka hilo jipya, la zamani litashuka bei, na hapo mwenye mkono mfupi naye atapata lake. Basi wanasubiri. Mwaka ukisha wanasubiri mwaka mwingine, kwani toleo jipya nalo limekwisha kuzaa uvumi wa toleo litakalofuata.

Sina ugomvi na starehe ya mtu. Anayenunua kigeuzi kwa bei ya kiwanja cha Bububu, akakaa nacho ukumbini kumsikiliza Umm Kulthum, pesa ni zake na masikio ni yake. Ugomvi wangu unaanza pale anasa hiyo inapogeuzwa kuwa sheria ya kuhifadhi sauti za watu wengine; pale mtu anaposimama katika vikao vya utamaduni na kusema kanda zetu za zamani zisiguswe mpaka kipatikane chombo kinachozistahiki. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara imepokewa kwa heshima, maana inafanana na hekima. Mimi naiona ni kauli ya kuzikia.

Tuanze na chombo chenyewe, tusije tukaambiwa tunasema tusiyoyajua. Sauti ni mtetemo wa hewa. Kigeuzi huupima mtetemo huo mara nyingi kwa sekunde na kukiandika kila kipimo kwa tarakimu. Katika CD, iliyoingizwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Mpenzi wa ushairi asitishwe na hesabu hizi. Mshororo wa shairi nao una mizani 16, nane kwa nane, na hatujapata kusikia kwamba Muyaka wa Mombasa aliambiwa asitunge mpaka zipatikane mizani 24. Kanuni ya wahandisi ni nyepesi: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi, hukupoteza kitu. Sikio la kijana hufika mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La mtu wa makamo, umri ambao aghalabu ndio wenye pesa za kununulia vigeuzi hivyo, halifiki huko.

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya jaribio ambalo wapenzi wetu hawapendi kulitaja. Walicheza santuri za ubora wa juu kabisa, mara moja sauti ikipita moja kwa moja, mara nyingine ikipitishwa kwanza katika kigeuzi cha kawaida cha biti 16. Wasikilizaji wakatakiwa wazitambue. Katika majaribio 554 walipatia 276. Kwa kurusha sarafu wangepata hayohayo. Tena kile kipande cha waya cha Apple cha kuunganishia simu na spika za masikioni, ambacho ndani yake mna kigeuzi kamili, kilitoka kikiuzwa dola 9, na waliokipima kwa vyombo wakakuta kimetimiza kazi yake bila aibu.

Na huko kusubiri bei ishuke nako kuna visa vyake. Oktoba 2020 kiwanda cha Asahi Kasei kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua. Humo ndimo zilimokuwa zikitengenezwa chipu za vigeuzi vingi mashuhuri. Chipu zikaadimika, viwanda vikahangaika, na waliokuwa wakisubiri bei ishuke wakaiona inapanda.

Sasa nitaje mahali, maana hoja isiyo na mahali huelea tu. Busawe iko wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme, jirani na Wakurya wa Tarime. Kwa wengi wetu wa visiwani Busawe ni mbali kuliko Maskati, kwa kuwa Maskati tuna mashangazi. Upande ule wa Mara kuna ala iitwayo iritungu: kinubi cha nyuzi nane, bakuli lake la mti limewambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya kunguruma, utadhani ngoma imejifunza kusema. Mpigaji wake ndiye malenga. Husifu na kukejeli, hutaja koo na mifugo, huhesabu misiba.

Nina kanda sita kutoka Busawe. Aliniachia mwalimu mmoja aliyesomesha upande ule katika miaka ya 1980: kaseti za kawaida za dakika 90, zilizorekodiwa kwa redio ya betri, kuku wakisikika nyuma na mtu akikohoa. Nilizipeleka kwa fundi mmoja wa mjini mwenye sifa na vyombo. Akazipokea kwa adabu, akaziweka kabatini, akaniambia anasubiri kigeuzi kipya na kwamba kabla yake itakuwa ni kuzidhulumu. Miaka minne imepita. Nilipokwenda kuzidai, moja ilikuwa imeota ukungu ukingoni mwa utepe, na kigeuzi kilikuwa bado kinasubiriwa.

Kilichomo katika kanda hizo si burudani tu. Utendi wa Tambuka tunao katika muswada wa mwaka 1728, na hata waimbaji wote wa utendi wakifa, maandishi yapo. Kingoreme kimeanza kupata utaratibu wa maandishi katika karne hii, na nyimbo zake nyingi hazijaandikwa popote. Kaseti ndiyo muswada. Tena lugha za ukoo huo, kama Kikurya, zina irabu saba na zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana. Mtu akiziandika kwa irabu zetu tano, nusu ya shairi imebaki nje. Kanda ikinyamaza, hakuna maktaba ya kuiendea.

Na je, toni hizo zinahitaji chombo cha namna gani? Kupanda na kushuka kwa sauti ya mwanamume anayeimba kuna mitetemo mia chache kwa sekunde. Nyuzi za iritungu nazo ni nzito. Kaseti yenyewe, kwa bahati mbaya, ina mvumo wake, na kutoka mvumo huo mpaka sauti kubwa kabisa inayoweza kuibeba ni desibeli 50 mpaka 60 hivi, ilhali biti 16 zinabeba kama 96. Chombo kilekile cha mwaka 1982 kinaizidi kanda kwa mbali. Anayetafuta kigeuzi cha dola 30,000 kwa kaseti ya Busawe anapima mchanga kwa mizani ya sonara.

Wanayo hoja moja yenye uzito, nami siipiti kimya. Wanasema kanda kuukuu huenda ikakubali kuchezwa mara moja tu, kwa hiyo mara hiyo moja ifanywe vizuri. Na wanataja kanuni za IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, zinazotaka biti 24 na vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, na kupendelea 96,000. Naam. Lakini visanduku vya kurekodia kama Focusrite Scarlett, ambavyo vijana wa bongofleva wanavitumia vyumbani mwao, vinafikia kiwango hicho na kukizidi, na bei yake ni dola mia na kitu. Kanuni wanayonitolea ndiyo inayowahukumu.

Ugumu hasa uko kwenye mashine inayoicheza kanda, kabla sauti haijafika kwenye kigeuzi, na huko wapenzi wa vigeuzi hawapendi kwenda kwa sababu hakuna toleo jipya la kujivunia. Deki nzuri za kaseti zimeacha kutengenezwa. Mipira inayobana utepe hukakamaa. Vichwa vya kusomea hulika na kuingia uchafu, vikahitaji pamba na spiriti. Kikubwa zaidi ni pembe ya kichwa hicho: ikitofautiana hata kidogo na pembe ya redio iliyorekodi, herufi kama s na f hufifia, na sauti hutoka kama iliyofunikwa blanketi. Dawa yake ni kugeuza skrubu moja ndogo, polepole, kwa kanda moja moja, huku mtu akisikiliza mpaka maneno yafunguke. Kazi hiyo haina bei katika orodha yoyote ya bidhaa. Nimewaona watu wakijadili kigeuzi kwa saa nzima hali kichwa cha deki yao kina utando wa kahawia wa miaka kumi.

Inafaa pia kukumbuka tarehe. Mwaka 2020 UNESCO na IASA walichapisha ripoti ya uchunguzi wao juu ya kanda za sumaku. Onyo lililoandamana nayo lilikuwa kwamba wataalamu wengi wanauona mwaka 2025 kuwa ndio ukomo, kwa sababu mashine za kuzicheza na mafundi wake wanakwisha. Mwaka huo umekwisha kutufikia. Maghala ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, na ya redio ya hapa Zanzibar, yana sehemu kubwa ya sauti za nchi hii. Lakini hayo yana walinzi na wafadhili wanayajua. Kanda za majumbani, za walimu, za makatekista, za wapiga iritungu wenyewe, nani anazihesabu?

Ya nyuma nayo yanatufunza. Sauti ya Siti binti Saad tunayo kwa kuwa mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, akaimba mbele ya chombo kilichokuwapo siku ile. Santuri zile zina mikwaruzo, na sehemu ya juu ya sauti haimo. Wapenzi wetu wangezirudisha dukani. Lau Siti angeambiwa asubiri mpaka chombo kiwe kamili, angefariki mwaka 1950 bila sisi kujua aliimba vipi.

Dola 30,000 ni bei isiyoshangaza katika daraja la vigeuzi ninavyovisema. Kwa visanduku vya dola 150, fedha hizo zinanunua 200. Hatuhitaji 200. Vitano vingetosha kuanzia, pamoja na deki tano zilizofufuliwa, chumba kimoja, na vijana wawili wenye masikio na subira. Chuo cha muziki cha DCMA kimekuwapo hapa Unguja tangu mwaka 2002 na vijana wa namna hiyo wamepita humo. Na kila kanda ikishageuzwa, nakala irudi ilikotoka. Busawe hawatauliza biti ngapi: wataitia katika memori kadi na kuisikiliza kwenye simu au kiredio cha mkononi, na watakaomtambua mwimbaji watatwambia jina lake, jambo ambalo hakuna kigeuzi kinachoweza kutuambia.

Wanaosubiri toleo lijalo kwa ajili ya kumbi zao na waendelee. Lakini wenye kanda za watu makabatini mwao nawataka watuandikie katika kurasa hizi: wanazo ngapi, walipewa na nani, zina sauti za nani, na zitachezwa mwezi gani.